Nchi Haikufungwa, Lakini Kazi za Kumbini Zilikatika

Dhana: Tanzania haikujifungia wakati wa Uviko-19, kwa hiyo watu wa mikutano na sherehe Dar hawakupoteza kazi.

Ni kweli hatukuamriwa kukaa ndani. Lakini mgonjwa wa kwanza alitangazwa 16 Machi 2020, na kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akafunga shule na kuzuia mikusanyiko kwa siku 30. Tarehe 18, Baraza la Mawaziri la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambalo Tanzania ilikuwa mwenyeji wake, likakutana kwa video. Mkutano kama huo ukikosa wageni, hoteli haikosi peke yake. Anakosa mkalimani, anakosa fundi mitambo anayefika alfajiri kulaza nyaya chini ya zulia, anakosa mama wa chai ya saa nne, wanakosa vijana wanaovalisha viti vitambaa na kuvivua usiku uleule vikafuliwe.

Maonyesho ya biashara ya Sabasaba yalifanyika Julai, na harusi zikarudi. Mikutano ya kimataifa ilikuwa habari nyingine, maana wageni wake hupanda ndege: Kenya ilirejesha safari za kimataifa 1 Agosti, Afrika Kusini 1 Oktoba. Ukumbi uko wazi, mgeni hana pa kupitia.

Dhana: Mikutano ya video ndiyo iliyozimaliza kazi hizi.

Hapana. Dar ilipokea jukwaa la mifumo ya chakula Afrika Septemba 2023, na mkutano wa nishati wa Mission 300 Januari 2025. Kazi zimerudi, ila si kwa kila aliyezipoteza. Fundi aliyeuza spika ili alipe kodi ya nyumba atarudi ukumbini na nini?

Dhana: Deiwaka, yaani kibarua wa kuitwa kwa siku, hapunguzwi kazi, anaacha tu kuitwa.

Hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu inawafuta watu kwenye hesabu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kikitimia kigezo kimoja tu: mathalani amemfanyia kazi mtu yuleyule wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, au anatumia vifaa anavyopewa na huyo anayemtuma. Kijana aliyevaa fulana ya kampuni na kubeba maturubai ya kampuni kila wikiendi asikubali kuambiwa "wewe ulikuwa unasaidia tu".

Dhana: Janga ni janga, mwajiri anaweza kukuaga kwa simu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka kwanza atoe taarifa kwamba anakusudia kupunguza watu, aeleze sababu, kisha washauriane jinsi ya kuepuka hilo na vigezo vya nani aondoke. Aliyefikisha mwaka kazini analipwa kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10, mbali na notisi na likizo anazodai. Aliyeachishwa bila utaratibu huo ana siku 30 za kufungua malalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa Fomu Na. 1. Deiwaka mwenye sifa nilizozitaja naye aende.