Wati 75: maana ya kadi ya grafiki isiyo na waya wa umeme

Kadi ya grafiki ni kifaa cha kompyuta kinachochora picha za kwenye skrini. Isiyo na waya wa umeme ni ile inayopata umeme wake wote kutoka kwenye sloti ya PCI Express, yaani tundu la ubao mkuu wa kompyuta inamochomekwa, bila waya wowote wa ziada kutoka pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kikomo cha umeme wa sloti hiyo ni wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo haina budi kuungwa na waya wa pini 6, unaoongeza wati 75 nyingine, au wa pini 8, unaoongeza 150.

Kwa mwenye fedha kidogo, kipimo hiki huja kabla ya kasi na kabla ya chapa. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotoka maofisini, za Dell, HP na Lenovo, zina pawa saplai ndogo ambazo hazina waya huo kabisa, na mara nyingi umbo lake ni la mtengenezaji mwenyewe, kiasi kwamba pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii. Aliyenunua kadi kubwa kwa sababu ameiona rahisi hujikuta anatafuta pawa saplai nyingine, kisha kasha la kuitosha, na fedha aliyodhani ameiokoa imekwisha.

Kadi zinazotoshea ndani ya kikomo hicho zipo. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 hutumia wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, hufika 75. Hata hivyo jina peke yake halitoshi, kwani baadhi ya watengenezaji waliiongezea 1050 Ti tundu la pini 6 ili waiendeshe kwa kasi zaidi. Ni lazima uitazame kadi yenyewe ukingoni kabla ya kulipa.

Linalonisikitisha zaidi ni GT 1030, ambayo wanaoanza huipenda kwa sababu inatumia wati 30 tu. Iliuzwa kwanza na kumbukumbu ya aina ya GDDR5, baadaye likatoka toleo lenye kumbukumbu ya aina ya DDR4 lenye jina lilelile, ingawa kasi ya kumbukumbu yake ni karibu theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Muulize muuzaji aina ya kumbukumbu, na asipojua, acha.

RX 6400 ya 2022, ya wati 53, ina kasoro ya namna nyingine: hutumia njia 4 tu za kupitishia data kati ya 16 za sloti ya PCI Express. Katika kompyuta mpya yenye kizazi cha nne cha PCI Express haileti shida kubwa, lakini katika ya zamani yenye kizazi cha tatu njia hizo hubeba nusu ya data, na mchezo huanza kukwama hasa pale kumbukumbu ya kadi inapojaa.