808 si besi: dhana potofu kuhusu mashine zilizolea house na techno

Ukiingia studio nyingi za Dar es Salaam au Nairobi, prodyuza akisema "weka 808" anataka besi nzito inayoteleza kutoka noti moja hadi nyingine. Lakini Roland TR-808, iliyotoka Japani mwaka 1980, ni mashine ya ngoma. Ngoma yake kubwa ina vidhibiti vitatu tu: Level (ukubwa wa sauti), Tone (rangi ya mlio) na Decay (muda wa mlio kufifia). Cha kupandisha au kushusha noti hakimo. Ukifungua Decay mpaka mwisho, mlio huvuma kwa muda mrefu karibu na hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde). Ni huo mvumo ambao watu waliurekodi kwenye sampula, yaani kifaa au programu ya kucheza sauti zilizorekodiwa, wakaanza kuupiga kwa kinanda.

Asili hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini besi za 808 hukosewa sana. Sampula haijui sauti uliyoipakia iko noti gani. Nyingi huichukulia kuwa C mpaka uielekeze. Kama mlio ni G na hukurekebisha noti ya msingi, besi itakwenda kombo na mwimbaji. Pima kwa tuna (kifaa cha kutambua noti), na upime mkia wa mlio, kwa sababu mwanzo wake huwa juu kidogo kabla ya kutulia. Kisha weka sampula kwenye mono, noti mpya ikate ya zamani. Mikia miwili ya besi ikipandana, sauti hukwaruza au humezana. Wala usiipime besi kwa spika ya simu, maana hezi 50 haizitoi. Ongeza saturesheni (kuikwaruza sauti kwa makusudi) kidogo ili zizaliwe hezi 100 na 150, ndizo simu inazozimudu.

Wengine huamini kwamba sauti za 808 zilirekodiwa kutoka kwa ngoma halisi. Hakuna iliyorekodiwa, zote huzalishwa na saketi. Matoazi yake ni mawimbi 6 ya mraba yaliyochanganywa na kuchujwa. Anayechanganyikiwa huenda anaiwaza TR-909 ya mwaka 1983, ambayo ngoma na makofi yake ni ya saketi ila matoazi yamerekodiwa kidijitali, kwa biti 6 tu. Ule ukali wa matoazi ya techno unatoka humo.

Dhana ya kwamba house na techno, mitindo ya muziki wa dansi wa mashine, ilizaliwa Ulaya inakera zaidi, kwa sababu inafuta majina. House ilikulia Chicago, katika klabu ya Warehouse alikopiga Frankie Knuckles kuanzia 1977, mbele ya wachezaji wengi wao weusi na mashoga. Techno ni ya Detroit: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliosoma pamoja Belleville, mji ulio karibu na Detroit. Wajerumani wa kundi la Kraftwerk wana haki yao, vijana hao waliwasikiliza redioni. Ila Uingereza na Ujerumani zilipokea kitu ambacho tayari kilikuwa kimesimama.

Je, kampuni ya Roland ndiyo iliyobuni sauti ya acid, yaani besi inayojipinda ya tawi moja la house? Mashine yake ya besi, TB-303, iliuzwa kama mbadala wa mpiga gitaa la besi. Kwa kazi hiyo haikufaa: noti na muda huingizwa kwa hatua mbili tofauti, na mlio haufanani na gitaa. Utengenezaji ulikoma 1984. Kundi la Phuture la Chicago waliichukua ikiwa mtumba, wakaacha mpangilio mmoja ujirudie huku wakizungusha vidhibiti vya chujio. Rekodi yao ya "Acid Tracks" ilitoka 1987. Kuzungusha vidhibiti hivyo, Cutoff na Resonance, peke yake hakutoshi. Accent, yaani alama ya kukazia noti, hupandisha sauti, hufupisha mkia na kulisukuma chujio. Zikifuatana kadhaa, kila moja hufungua zaidi ya iliyotangulia kwa kuwa kapasita, kijenzi cha saketi kinachohifadhi umeme, haijamaliza kutoa chaji. Programu ya kuiga isiyofanya hivyo husikika bapa.

La mwisho ni MIDI, njia ya vifaa vya muziki kuwasiliana, ambayo wengi huidhani kuwa ule mlio wa kinanda cha bei rahisi. MIDI, iliyotangazwa 1983, haibebi sauti hata kidogo. Hubeba ujumbe: noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani. Ujumbe wa noti moja ni baiti 3, na kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde huchukua karibu milisekunde 1. Ndiyo maana noti kumi zinazopigwa kwa pamoja kwenye waya mmoja hutawanyika kidogo.

808 ilitangulia MIDI, hivyo kuifanya iende sambamba na kompyuta kunahitaji kibadilishi. Ili kulinganisha mwendo hutumia mapigo 24 ya umeme kwa kila robo noti, wakati mashine za kampuni ya Korg za zama hizo zilitumia 48. Korg ikifuata 808 na ikaenda nusu ya mwendo, usiifungue kutafuta ubovu. Weka kibadilishi cha kuzidisha mapigo mara mbili.