Kontroli boksi ya gari: yasemwayo gereji na ukweli wake

"Boksi imekufa, tafuta nyingine." Hukumu hii juu ya kontroli boksi, yaani kompyuta inayoongoza injini, hutolewa upesi mno kwenye gereji za Ngamiani, mjini Tanga, na mara nyingi mgonjwa ni waya. Tanga ni mji wa pwani. Chumvi ya bahari hula soketi na ethi (waya unaofungwa kwenye bodi ya gari kurudisha umeme kwenye betri) mapema kuliko boksi yenyewe. Pima betri kwanza: gari likiwa limepumzika, isome karibu volti 12.6. Kisha washa injini na taa kubwa, mkono mmoja wa mita ya kupimia umeme uwe kwenye terminali hasi ya betri, wa pili kwenye ethi ya boksi. Ikizidi volti 0.2, fungua ethi hiyo, sugua kutu, kaza. Halafu chomoa betri, upime kati ya pini ya 6 na ya 14 za soketi ya kupimia, ile ya kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu. Magari mengi husoma omu 60, kwa sababu kila ncha ya mtandao wa nyaya mbili unaounganisha maboksi ya gari ina rezista ya omu 120. Ukipata 120, ncha moja imekatika. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

Wapo wanaoamini boksi ya mtumba ikifanana namba itafanya kazi papo hapo. Namba hueleza kifaa tu. Ndani kuna siri ya ufunguo, namba ya chesisi, na mipangilio ya gari ilimotoka boksi: gia za otomatiki au za mkono, breki za ABS zipo au hazipo. Ufunguo usipotambuliwa, injini haiwaki, au huwaka na kuzima hapo hapo. Kwenye dizeli nyingi hata nozeli mpya, zinazopuliza mafuta ndani ya injini, zina kodi zake (namba maalumu) za kuingizwa kwenye boksi, la sivyo silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, hutetema.

Kuchomoa betri nako hakufuti mipangilio hiyo. Kinachopotea ni yale injini iliyojifunza njiani, ndiyo maana silensa huyumba kwa muda.

Kile kidude cha bei rahisi cha bluetooth? Kizuri kwa kusoma kodi za hitilafu, si kwa kupanga boksi, yaani kuiandikia data mpya. Na kodi si orodha ya manunuzi: P0171 husema hewa imezidi petroli, na mpira wa hewa uliopasuka hutosha kuileta bila sensa yoyote kuharibika.

Anayepanga boksi anakili data ya zamani kwanza, na aunge chaja inayotuliza volti. Betri ikishuka katikati ya uandishi, boksi nzima inaweza kugoma kuwaka, na hapo ndipo utaihitaji nyingine kweli.