Banzai! na hesabu ya kurasa: jarida la manga la wavulana kwa Kijerumani

Kampuni ya uchapishaji ya Carlsen ya Hamburg ilianza kutoa Banzai! mwaka 2001. Lilikuwa toleo la Kijerumani la Weekly Shōnen Jump, jarida la manga (katuni za Kijapani) za wavulana ambalo kampuni ya Shueisha ya Tokyo imekuwa ikilitoa tangu 1968. Marekani ilipata Shonen Jump yake mwaka uliofuata. Banzai! lilitoka mara moja kwa mwezi hadi Desemba 2005, na ndani yake mlikuwa na Naruto ya Masashi Kishimoto, Hunter × Hunter ya Yoshihiro Togashi, Shaman King ya Hiroyuki Takei na Hikaru no Go ya Yumi Hotta na Takeshi Obata. Kwa hiyo hadithi nzuri hazikukosekana. Lakini jarida la aina hii hubanwa na kalenda.

Tuanze na hesabu. Jump hutoka kila wiki, matoleo karibu 48 kwa mwaka, na sura moja ya hadithi huwa na kurasa 19 hivi. Hizo ni kurasa 912 kwa mwaka kwa hadithi moja tu. Jarida la mwezi likitaka kwenda sambamba, kila toleo libebe sura nne za kila hadithi, yaani kurasa 76. Weka hadithi sita, umefika 456, na bado hujagusa matangazo wala barua za wasomaji. Huo ni unene wa Jump yenyewe, ambayo mwishoni mwa 1994 ilifikia nakala milioni 6.53 kwa toleo moja. Ujerumani haina soko la kubeba karatasi zote hizo. Mhariri akishuka hadi sura mbili kwa mwezi, basi kila mwaka unaopita anabaki nyuma sura 24 nyingine. Na Naruto ilikuwa imeanza Japani tangu 1999, kwa hiyo deni lilikuwepo hata kabla ya toleo la kwanza kuingia mtamboni.

Halafu kuna juzuu. Juzuu moja ya hadithi za Jump hukusanya sura tisa hivi. Kwa mwendo wa sura mbili kwa mwezi, jarida linahitaji miezi minne na nusu kuimaliza. Mchapishaji huyohuyo akitoa juzuu mpya kila baada ya miezi miwili, juzuu inalipita jarida, na msomaji anaanza kujiuliza kwa nini alipie sura zilezile mara mbili. Akizuia juzuu ili jarida litangulie, mashabiki wenye haraka wanahamia kwenye tafsiri za wizi za intaneti, ambazo miaka ile zilikuwa zimeshashamiri. Nionavyo mimi, dawa pekee ni kujaza jarida hadithi fupi ambazo bado hazina juzuu sokoni. Lakini wanunuzi wengi huja kwa ajili ya majina makubwa.

Linganisha na Daisuki, jarida la wasichana la Carlsen hiyohiyo, lililoanza 2003 na kudumu hadi 2012. Hadithi zake zilitoka Hakusensha, mchapishaji mwingine wa Japani, ambako majarida hutoka mara moja au mbili kwa mwezi. Sidhani kama hiyo ndiyo sababu pekee ya maisha yake marefu, ila pengo la kuziba lilikuwa dogo zaidi.

Ukurasa wenyewe nao una kazi yake. Carlsen ilipochapa Akira mwaka 1991 iligeuza picha kama kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto. Dragon Ball ya 1997 iliachwa ilivyo, isomwe kutoka kulia. Ukigeuza picha, kila mpiga upanga anakuwa wa mkono wa kushoto, na kimono inafungwa upande wa kulia juu, jinsi anavyovishwa maiti huko Japani. Aliyepita madrasa hatababaishwa na kitabu kinachofunguka kutoka kulia. Kitakachomtatiza ni kwamba fremu na viputo vya maneno vinafuatana kutoka kulia, ilhali maneno ndani ya kiputo yanakwenda kutoka kushoto.

Kiputo cha Kijapani ni kirefu na chembamba, kwa sababu maandishi yake yanashuka wima. Kijerumani kina maneno marefu na kinahitaji upana. Mpangaji wa maandishi akipunguza herufi ili neno lienee, ukurasa unageuka kama karatasi ya maelezo ya dawa. Akilikata ovyo, jicho linakwama. Neno la kuunganishwa likatwe pale sehemu zake zinapokutana, si popote pale nafasi inapoishia. Zaidi ya hapo, katuni huandikwa kwa herufi kubwa, na nukta za Ä, Ö na Ü hugusa mstari wa juu usipoacha nafasi ya kutosha kati ya mistari. Kwa ß, herufi ya Kijerumani yenye sauti ya s, ilibidi kuandika SS, kwani umbo lake kubwa lilikubaliwa rasmi mwaka 2017 tu.

Kosa linaloonekana haraka kuliko yote ni mawimbi kwenye sehemu za kijivu. Msanii huchora eneo la sentimita 27 kwa 18 na kubandika karatasi ya nukta ndogo nyeusi zinazoonekana kama kijivu, mara nyingi ya mistari 60 ya nukta kwa inchi. Picha ikipunguzwa hadi saizi ya juzuu, nukta hizo hukaribia mistari 100 kwa inchi. Zikiskaniwa kwa rangi za kijivu kisha zikapunguzwa, zinagongana na nukta za mtambo wa kuchapa na mawimbi yanatokea. Skani kwa nyeusi na nyeupe tupu, nukta 1200 kwa inchi, na usibadilishe saizi baadaye.

Kwa anayenunua nakala kuukuu: manga nene zilizounganishwa kwa gundi hupasuka mgongo zikifunguliwa kwa nguvu katikati. Fungua kurasa chache mwanzoni, chache mwishoni, ukienda taratibu hadi ufike kati. Kabla ya kulipa, fuatisha namba za kurasa kutoka kulia, hasa karibu na katikati, kwa kuwa gundi ikikauka karatasi hutoka mojamoja bila jalada kuonyesha dalili. Hifadhi nakala zikiwa wima, mbali na jua. Karatasi ya bei nafuu huanza kuwa njano kwenye kingo.