Eti Kituruki ni cha wapenda tamthilia tu? Dhana potofu na ukweli wake

Mwambie mtu hapa Bongo kwamba unasoma Kituruki, atacheka kwanza alafu atakuuliza umempenda nani kwenye tamthilia. Yani utafikiri hamna sababu nyingine ya mtu mzima kukaa na daftari la Kituruki, wakati ukweli sababu zipo kibao na tamthilia naona ndo dhaifu kuliko zote.

DHANA: Watu wanajifunza kwa sababu ya tamthilia

Zimevuta wengi, hilo sibishi. Ila tamthilia zenyewe zinatufikia zikiwa zimeshaingizwa sauti za Kiswahili, sasa Kituruki cha nini? Mapenzi ya tamthilia yanakufikisha kwenye teşekkür ederim (asante) na seni seviyorum (nakupenda), zikianza sarufi wengi wanapotea kimya kimya. Wanaofika mwisho, kwa ninavyowaona, ni wale ambao wasipojua lugha wanakwama, na kundi kubwa hapo ni wanafunzi.

Kuna skolashipu ya serikali ya Uturuki inaitwa Türkiye Bursları, kwa jina hilo ipo tangu 2012, inalipa ada, malazi, posho, bima, tiketi ya ndege, na juu ya hapo mwaka mzima wa lugha kabla hujagusa kozi yako. Huo mwaka unaupitisha kwenye kituo cha lugha cha chuo, vinaitwa TÖMER, unaanzia A1, ngazi ya chini kabisa, unatakiwa utoke na C1, ngazi ya juu, na kama kozi yako inafundishwa kwa Kituruki bila hiyo C1 hauendelei. Sasa fikiria mtoto ametoka Kigoma au Lamu, vuli anajifunza kusema merhaba, vuli inayofuata amefunguliwa kitabu cha anatomia chote Kituruki. Huyo umuulize kampenda nani kwenye tamthilia! Kilichompeleka ni ada, familia isingeweza. (Na wakuu, maombi ya hii skolashipu hufunguliwa kila mwaka kuanzia Januari hadi Februari na ni BURE, mtu akikuuzia fomu jua umekutana na tapeli.)

DHANA: Kiingereza kinatosha, kwani Istanbul si ni jiji la watalii bana?

Kinatosha Sultanahmet na Taksim, mitaa ya watalii, na kwenye vyuo vichache vinavyofundisha kwa Kiingereza kama Boğaziçi na ODTÜ. Toka nje ya geti sasa. Mwenye nyumba anataka kujua utalipa lini, dereva wa dolmuş, daladala zao, anauliza unashuka wapi, duka la dawa wanakuuliza unaumwa nini, uhamiaji wanataka karatasi ambayo hata jina lake hulijui, na wote hao wanakuongelesha Kituruki tena kwa spidi. Nje ya Istanbul ndo usiseme, nenda Konya au Erzurum na Kiingereza chako uone.

Alafu kuna wafanyabiashara wetu, hawa huwa wanasahaulika kabisa watu wakiongelea mambo ya lugha. Nguo nyingi zinazouzwa Kariakoo kama "mzigo wa Uturuki" zinafatwa Laleli, Merter na Osmanbey, mitaa ya nguo za jumla Istanbul. Je unaweza kununua bila Kituruki? Unaweza, tena Laleli wale jamaa wamezoea wageni tangu Soviet ivunjike 1991 Warusi walipoanza kumiminika na mabegi, Kirusi wanakiongea, Kiarabu pia, na Kiingereza cha bei wanacho. Shida inaanzia kwingine. Ukiingia na mkalimani wa mtaani kamisheni yake inaingia kwenye bei yako hata kama hajakwambia, wakati ukijua toptan ni jumla na perakende ni rejareja, ukajua kwamba seri ni ule mzigo wa saizi zote unaouzwa pamoja hauchambui, na ukaweza kuuliza son fiyat ne yani bei ya mwisho ngapi, mazungumzo yanabadilika palepale na chai inaletwa. Na ukisharudi Dar ukakuta nusu ya magauni yana kasoro ndo utajua lugha ina thamani gani, maana malalamiko utayaandika WhatsApp na yule mkalimani hapokei simu.

DHANA: Kituruki ni Kiarabu kwa njia nyingine, wanaosoma ni kwa ajili ya dini

Hapana. Tarehe 1 Novemba 1928 Uturuki ilipitisha sheria ya kuachana na herufi za Kiarabu, tangu hapo wanaandika kwa herufi za Kilatini, ziko 29, hamna q wala w wala x. Maneno ya Kiarabu wanayo mengi na Mswahili anayatambua bila kamusi, kitap, saat, dakika, haber, hesap, dünya, ila sarufi ni ya ukoo mwingine kabisa. Na mambo ya dini, Mturuki mwenyewe Qur'ani anaisoma kwa Kiarabu kama sisi.

Sababu ambayo binafsi naipenda kuliko zote ni ya wanahistoria. Miaka ya 1580 kuna nahodha wa Kiosmani (dola ya Waturuki ya enzi hizo), Mir Ali Bey, alishuka mara mbili kwenye pwani yetu kupambana na Wareno, safari ya pili akakamatwa Mombasa mwaka 1589. Anayetaka kufuatilia habari kama hizo kutoka upande wa Waosmani, na sio kila siku kuwasikiliza Wareno tu, itabidi ajue Kituruki, alafu aongeze na kile cha zamani cha herufi za Kiarabu maana cha leo peke yake hakisomi nyaraka zile.

DHANA: Ni kigumu, hatukiwezi

Hii tumeirithi kwa wanaokisoma kupitia Kiingereza, wao wakiona neno refu wanashtuka. Sisi tunasema "hawatatupigia" kwa pumzi moja tunaendelea na safari. Mturuki akitaka kusema sitaweza kuja anasema gelemeyeceğim, neno moja, tofauti ni kwamba sisi vipande vingi tunavirundika mbele ya mzizi wao wanavirundika nyuma. Neno "yeye" kwao ni o, mwanamke au mwanaume haijalishi, kama kwetu tu. Hata ile kanuni ya irabu kufuatana, evler (nyumba nyingi) lakini kitaplar (vitabu), mbona na sisi tunasema pikia lakini somea na hakuna aliyetufundisha? Ugumu upo kwenye kitenzi kukaa mwisho, mtu anaongea weee na wewe unasubiri ujue kama amekubali au amekataa.

DHANA: Ni lugha ya nchi moja, ukiondoka haina kazi

Kupro ya Kaskazini vyuo vimejaa Waafrika na lugha ya mtaani ni hiyo. Ujerumani iliwachukua Waturuki kama vibarua kwa mkataba wa 1961 na leo wenye asili ya Uturuki huko wanahesabika kwa mamilioni. Azerbaijan mtaelewana vizuri tu. Ila na wale wanaosema ukijua Kituruki unaongea hadi mpakani mwa China wanatia chumvi, Kazakhstan utaambulia namba na maneno mawili matatu. Hapa nyumbani Yapı Merkezi, kampuni ya ujenzi ya Kituruki, wako kwenye SGR yetu tangu 2017, na penye mainjinia wa Kituruki hapakosi nafasi ya mtu wa kutafsiri.

DHANA: Ukishajua lugha, kazi na uraia vinakuja vyenyewe

Hapa ndo watu wanaumia. Udaktari wa meno, uwakili, udaktari wa mifugo, kwa sheria zao hizo ni kazi za raia, hata uongee kama umezaliwa Ankara. Kibali cha kazi anayekiombea ni mwajiri, na mwanafunzi wa digrii ya kwanza haruhusiwi kufanya kazi mpaka amalize mwaka wa kwanza, na hapo pia ni kwa kibali. Uraia wa njia ya kawaida unataka uwe umeishi huko miaka 5 mfululizo, kipato na tabia njema, Kituruki cha kutosha ni sharti mojawapo tu kwenye hiyo orodha.