Ripoti ya uendelevu si mkakati

Kila msimu wa bajeti nakaa na menejimenti ya kampuni fulani, nawauliza uendelevu, yaani kufanya biashara bila kuharibu mazingira na watu inaowategemea, umeingiaje kwenye mpango mkakati wao, na kabla sijamaliza swali ripoti imeshawekwa mbele yangu. "Yote yamo humu." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, ndiyo maana naandika.

Dhana: Ripoti yetu ni nzuri, kwa hiyo uendelevu umo kwenye mkakati

Haumo. Ripoti inasimulia yaliyokwisha kutendeka. Mkakati unaonekana pale fedha zinapogawanywa: kiwanda kinajengwa wapi, mtambo gani unanunuliwa, biashara ipi inaachwa. Siku hizi siombi ripoti. Naomba maandiko matatu ya mwisho ya miradi yaliyopitishwa na bodi. Nikikuta hayana hata mstari mmoja kuhusu maji, nishati, mafuriko au kanuni za hewa ukaa zinazoweza kutungwa mitambo hiyo ikiwa bado inafanya kazi, najua ripoti ile iliandikwa na ofisi ya mawasiliano na waamuzi wa kampuni hawakuitumia kuamua lolote.

Mara nyingi kasoro haitokani na nia mbaya, imejificha kwenye hesabu. Mtambo wa mvuke unaweza kudumu miaka 20 na zaidi. Kwa kiwango cha punguzo (kiasi ambacho fedha za baadaye hupunguziwa thamani kwa kila mwaka wa kusubiri) cha asilimia 12, kila shilingi 100 utakayookoa mwaka wa 20 inahesabiwa leo kama 10 na ushee. Kwa asilimia 5 ingekuwa karibu 38. Miaka ya mwisho ya mtambo inakuwa kama haipo, na mtambo wa bei nafuu unaokula mafuta mengi unashinda kwenye jedwali bila mtu yeyote kukaa na kuamua kwamba ushinde. Tena jedwali hilo hilo huchukulia kwamba kutoa hewa ukaa kutabaki bure miaka yote hiyo. Simwambii mkurugenzi wa fedha ashushe kiwango chake cha punguzo, ana sababu zake. Namwambia afanye hesabu ya pili yenye bei ya kivuli, yaani bei ya kujiwekea kwenye hesabu tu bila kumlipa mtu, kwa kila tani ya hewa ukaa, kisha bodi izione zote mbili kwa pamoja. Zipo kampuni zilizokwenda mbali zaidi: Microsoft ilianza mwaka 2012 kuzitoza idara zake ada halisi kwa hewa ukaa zinayozalisha.

Ushauri wangu haujabadilika kwa miaka, na nitaurudia hadi usikike: kabla ya kuajiri ofisa wa uendelevu, ongezeni ukurasa mmoja kwenye fomu ya kuomba mtaji. Kitakachonunuliwa kitadumu miaka mingapi? Ndani ya miaka hiyo, ni badiliko gani la bei ya nishati, la maji au la sheria litakaloufanya mradi huu uwe hasara? Likitokea, tutafanya nini? Mkurugenzi wa fedha atie saini ukurasa huo yeye mwenyewe, asimwachie msaidizi. Andiko lisilo nao lisifike kwenye bodi.

Dhana: Hayo ni ya mazingira, sisi tunafanya biashara

Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalikizamisha kiwanda cha Honda cha Ayutthaya, na kwa kukosa vipuri kampuni ikalazimika kupunguza uzalishaji hadi Amerika ya Kaskazini. Kujenga kwenye bonde la mto ni uamuzi wa kibiashara. Kutegemea mgavi mmoja pia.

Dhana: Uendelevu ni hewa ukaa tu

Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh mwaka 2013, watu zaidi ya 1,100 walikufa. Kampuni za nje zilizoshonewa nguo mle hazikulimiliki jengo, lakini bei na muda wa oda vilipangwa na wanunuzi. Usalama wa anayekutengenezea bidhaa ni sehemu ya mkakati wako wa manunuzi. Sioni la kujadili hapo.

Dhana: Sisi tunatumia umeme tu, uchafuzi wetu ni mdogo

Mmehesabu kundi la tatu, yaani gesi joto zinazotoka nje ya kampuni, kwa wagavi na wateja wenu? Lina vipengele 15, kuanzia malighafi mnazonunua hadi bidhaa zenu zinapotumika na kutupwa, na kwa kampuni nyingi sehemu kubwa ya gesi joto iko huko.

Dhana: Tusubiri kwanza takwimu zikamilike

Bodi hiyo hiyo hupitisha makadirio ya mauzo ya miaka mitano bila kudai uhakika. Hata viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu, IFRS S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023 vinakubali, katika maeneo kadhaa, taarifa za kuridhisha zinazopatikana bila gharama au juhudi zilizopita kiasi. Anzeni na mitambo mitano inayokula nishati nyingi kuliko mingine. Bili zake mhasibu anazo tayari.