Mmomonyoko wa mvua kwenye madirisha ya ndege: maana yake

Neno mmomonyoko tumelizoea shambani: mvua inanyesha, udongo unachukuliwa, makorongo yanabaki. Kwenye dirisha la ndege neno ni hilohilo, ila maji hayaharibu kwa kutiririka. Yanaharibu kwa kugonga.

Tone likikudondokea kichwani unalifuta tu. Lakini ndege inayopita mvuani kwa mwendo wa mita 125 kwa sekunde, yaani kilomita 450 kwa saa, hulikuta tone hilo na kulibana kabla maji hayajawahi kusambaa. Kwa muda mfupi mno, shinikizo pale yanapogusana hukaribia, kwa hesabu, megapaskali 190. Hiyo ni mamia ya mara ya upepo uliomo kwenye tairi la gari! Kisha maji hufyatuka pembeni kwa kasi, na yakikuta ufa au ukingo ulioinuka, huupanua.

Kinachopokea kipigo hicho ni utando wa kinga, mwembamba kuliko karatasi. Hauwekwi kwa urembo. Kuba la rubani la ndege ya kivita ya F-16, kwa mfano, ni la polikaboneti, plastiki inayohimili kugongwa na ndege wa angani lakini hukwaruzika upesi na huwa ya manjano ikipigwa na jua. Bila utando haidumu.

Kuchakaa kwa hali ya hewa ni jambo jingine, la polepole. Mionzi ya urujuanimno, unyevu, joto na baridi huufanya utando ukakamae na ushikamanifu wake ulegee. Hata volkano huchangia: Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka Juni 1991, gesi ya salfa ilipanda juu sana ikageuka matone ya asidi, na madirisha ya akriliki (plastiki nyingine angavu) ya ndege za abiria yakaanza kuota nyufa nyembamba kabla ya wakati wake.

Kwa maoni yangu ni kosa kuyapima mambo haya mawili, kipigo cha mvua na kuchakaa, kila moja peke yake. Utando mpya unaweza kustahimili mvua ileile ambayo utando uliokaa juani miaka mingi hauiwezi: kwanza vishimo, halafu ukungu, mwisho maganda yanabanduka. Rubani huanza kuliona tatizo anapotua akilielekea jua la jioni, pale mwanga unapotawanyika kwenye vishimo hivyo na njia ya kutulia kufifia mbele yake.